Waulizeni wa Nyumbani

Mdogo wangu ni kiziwi tangu utotoni. Ukisema naye, anaitikia kwa kichwa. Nyumbani kwetu Muheza hata jirani aliyekuja kuazima kinu alijua maana ya kitendo kile: nimeona kwamba unasema nami. Hakina maana ya nimeelewa. Akielewa haitikii chochote, anageuka na kwenda kufanya. Kwa hiyo mama alipokuwa akimtuma alimtazama miguu, si kichwa.

Alipomaliza kujifunza useremala, mradi mmoja wa ajira kwa vijana wenye ulemavu ulimtafutia nafasi katika karakana mjini Tanga. Wiki ya pili fundi mkuu akamwonyesha kwa vidole: mbao nne, futi sita sita. Mdogo wangu akaitikia kwa kichwa. Fundi akaenda kunywa chai. Aliporudi akakuta mbao sita za futi nne, na mninga ukishakatwa haurefuki. Likatokea kosa jingine kama hilo, kisha la tatu, akaambiwa akae nyumbani mpaka aitwe. Hakuitwa.

Yule fundi hakuwa mtu mbaya. Watu wa mradi walikuwa wamemweleza mambo mengi: haki za mtu mwenye ulemavu, namna ya kusimama mbele ya kiziwi ili auone uso wako, umuhimu wa kuandika maelekezo. Habari ya kichwa hawakumwambia kwa sababu hawakuijua, na hawakuijua kwa sababu hawakuwahi kufika kwetu. Katika fomu yao mama alipewa mstari mmoja tu: mtu wa kupigiwa simu dharura ikitokea.

Nayasema haya kwa uchungu kwa kuwa baadaye na mimi nilizijaza fomu zilezile. Kwa miaka kumi na mmoja nimekuwa nikifanya kazi Dar es Salaam ya kuwaunganisha vijana wenye ulemavu na waajiri. Na kwa miaka mitatu ya mwanzo niliamini kwamba kazi hiyo ina pande mbili, kijana na bosi. Kijana apate ufundi, bosi apate elimu, wakutane. Wazazi tuliwaalika siku ya kukabidhi vyeti, wakapiga vigelegele, wakala pilau, wakarudi makwao.

Upande wa bosi, sheria ipo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara ya 27 ya mkataba huo inahusu kazi. Mwaka uliofuata ikatungwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010, inayomtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe angalau asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Kiwanda chenye watu 200 kinatakiwa kuwa na 6. Wengi hawafikii idadi hiyo, na wanaostahili kubanwa wabanwe. Lakini wapo waajiri wanaotupigia simu wenyewe wakiomba watu. Tunawapelekea kijana Jumatatu, anakuja Jumanne, anakuja Jumatano, Alhamisi haonekani. Huko ndiko nilikoshindwa kwa miaka mitatu, na sababu sikuiona kiwandani wala chuoni. Niliikuta Mbagala, nimekaa kwenye mkeka.

Alikuwa binti wa miaka ishirini na miwili mwenye ulemavu wa akili. Tulimpeleka hoteli moja ya mjini, idara ya kufua. Alifanya kazi siku tatu, kisha kimya. Simu ya mama yake haikupatikana. Msimamizi wa kule aliniambia binti alikuwa akiziba masikio na kujibanza pembeni, hataki kazi. Nikaandika kwenye daftari: ameacha mwenyewe. Kama si mwenzangu mmoja kusisitiza twende, jina lake lingebaki hivyo hadi leo.

Tulimkuta mama yake anakanda unga wa maandazi. "Shikamoo mama." "Marahaba, karibuni." Akatupa mkeka, akanawa mikono, akakaa. Hakutukaripia. Aliuliza swali moja tu: "Mwanangu, mlipompeleka huko, mlimuuliza nani?"

Nilitaka kujibu kwamba tulimuuliza binti mwenyewe, na ni kweli tulimuuliza, akasema anataka. Lakini swali la mama lilikuwa pana kuliko hilo. Tulikaa pale kwa muda wa karibu saa tatu na akatueleza yote. Siku ya tatu binti alipitiliza kituo wakati wa kurudi. Daladala lilijaa, giza likaingia, alama alizozizoea dirishani hakuziona. Alishushwa mwisho wa gari, na mama alimpata saa tatu usiku kwa msaada wa dereva wa bodaboda. Wewe ungemruhusu siku ya nne?

Kisha kulikuwa na maji. Binti ndiye aliyekuwa akichota maji na kumwangalia mtoto wa dada yake, ili mama aweze kushinda kibarazani na maandazi yake. Akienda hotelini, maandazi yanasimama. Sisi tulikuwa tumeipigia hesabu nauli na mshahara wa mwanzo, tukaona familia inapata. Mama alipiga hesabu ya nyumba nzima akaona inapoteza. Hesabu yake ilikuwa sahihi.

Halafu akainuka, akaenda chumbani, akarudi na rundo la khanga. Nimezishika khanga zile. Zilikunjwa pindo kwa pindo, hakuna ncha iliyotokeza hata kwa upana wa ukucha, na kila moja jina lake limekaa juu, likisomeka. Zilikuwa khanga ishirini na kitu, rundo limesimama kama limekatwa kwa kisu. "Anazikunja yeye," mama akasema. "Mwanangu hapendi kelele. Hizo mashine zenu zinanguruma. Mpeni nguo akunje, mtaona."

Ndivyo ilivyokuwa. Hoteli ina chumba kingine, mbali na mashine, cha kukunjia shuka na taulo. Tulimwomba msimamizi amjaribu huko. Sikuhitaji hotuba ya haki za binadamu. Nilihitaji maneno manne ya mama mkaanga maandazi: mwanangu hapendi kelele, akunje.

Tangu hapo tulibadilisha utaratibu, na sasa siendi kwa mwajiri kabla sijafika nyumbani. Nikifika siulizi, "Je, mnamuunga mkono kijana wenu?" Kila mzazi atajibu ndiyo, na jibu hilo halikusaidii kitu. Nauliza: akiamka anafanya nini? Nani anamwamsha? Kazi gani ya nyumbani akiifanya hamuirudii? Akikasirika mnajuaje kabla hajakasirika? Akitumwa dukani na elfu tano anarudi na chenji? Nani atafanya kazi zake za hapa akiondoka? Majibu yake hutuambia mambo ambayo mtihani wa chuo hauwezi kuyatoa. Baba mmoja wa Tandika aliniambia mwanawe asiyeona huwatambua wateja wa genge lao kwa sauti na humkumbuka kila anayedaiwa. Kijana yule tulikuwa tumemwandika "hana uzoefu wa kazi".

Watu wenye ulemavu si wachache. Sensa ya 2022 ilionyesha asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na zaidi wana ulemavu wa aina fulani. Kila mtaa una nyumba yenye elimu kama ile ya Mbagala, imekaa tu, hakuna anayeiuliza.

Kuna jambo jingine ambalo bila familia halisogei, nalo ni karatasi. Bosi anayefuata sheria anataka namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, namba ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ili kijana akatwe michango, na akaunti ya kupitishia mshahara. Huwezi kusajili laini ya simu kwa jina lako bila namba ya NIDA, na kitambulisho cha taifa kinaanzia kwenye cheti cha kuzaliwa. Nimewahi kukutana na kijana wa Vingunguti, miaka ishirini na minne, ambaye wadogo zake wote wana vyeti na yeye hana. Mama yake alieleza bila kuficha: "Wenzake tuliwachukulia vyeti tulipokuwa tunawaandikisha shule. Yeye hakuandikishwa." Lile kosa la miaka kumi na saba nyuma, la kutompeleka shule kwa sababu ya miguu yake, lilikuwa limekaa kimya likimsubiri mlangoni mwa kiwanda.

Kulisahihisha kulihitaji ukoo. Kadi ya kliniki ilikuwa kwa bibi yake Kisarawe, ndani ya kopo la maziwa ya unga. Mjomba alikwenda kula kiapo. Mama akafuata barua serikali ya mtaa, mara ya kwanza mtendaji hakuwepo, mara ya pili muhuri haukuwepo. Afisa wa mradi angefanya nini peke yake hapo? Bibi hanijui. Kopo lile asingenifungulia.

Pesa ndipo penye mwiba. Kijana huyohuyo alipopata kazi ya kufungasha bidhaa, kaka yake mkubwa alitaka mshahara uingie kwenye simu yake, kwa hoja kwamba laini anayotumia mdogo wake imesajiliwa kwa jina la kaka. Wenzangu wengine katika kazi hii hukasirika hapo hapo na kuanza kutaja haki. Mshahara ni wa aliyeufanyia kazi, kwa hilo sina shaka hata chembe. Ila sipendi kumwambia mama aliyembeba mtu mgongoni miaka ishirini na minne kwamba hana la kuuliza. Katika nyumba zetu kila anayefanya kazi anatoa kitu. Ukimzuia mwenye ulemavu asitoe, umemrudisha utotoni.

Tuliita kikao nyumbani kwao, jioni, na mjomba akiwepo. Nikamwomba kijana mwenyewe aseme kwanza, kabla ya wakubwa. Haikuwa rahisi, kaka alimkatiza mara mbili na mjomba akamnyamazisha. Kijana akasema nauli ibaki kwake, mama apate ya unga na mkaa, inayobaki aweke. Na katika mshahara wa kwanza anataka viatu. Alikuwa hajawahi kuchagua viatu, alivaa vilivyoachwa na kaka. Laini mpya ilisajiliwa kwa jina lake, akaunti ikafunguliwa. Mwezi uliofuata mama yake alinipigia kuniambia unga uliokuwa jikoni siku ile ni wa mwanawe, na alirudia neno hilo, wa mwanawe, kana kwamba nilikuwa sijasikia vizuri.

Si kila kikao kinaisha hivyo. Binti mmoja kiziwi, fundi cherehani mzuri sana, baba yake mlezi alichukua kila senti kwa miezi mitano. Tulipohoji, alimsafirisha kwenda kwa ndugu mkoani Lindi, na simu yake haijapatikana tena. Tulikwenda kwa afisa ustawi wa jamii, tulikwenda serikali ya mtaa, lakini tulichelewa. Nashauri kila mradi umwandikishe ndugu zaidi ya mmoja tangu siku ya kwanza, shangazi, dada, hata jirani wa siku nyingi, na usimwachie mtu mmoja ufunguo wote. Familia ni watu wengi. Ukisema "nimezungumza na familia" wakati umezungumza na baba peke yake, hujazungumza na familia.

Hofu za wazazi nazo zisikilizwe bila haraka. Wapo wanaopokea ruzuku ya TASAF ya kaya maskini wanaouliza kama kijana akiajiriwa wataondolewa. Usimjibu kwa kubahatisha, nenda naye akaulize kwa wanaosimamia. Wapo wenye mabinti wanaohofia wanaume wa njiani na wa kazini, na hofu hiyo ina sababu. Wanataka kumjua msimamizi kwa sura na kuwa na namba yake. Wapo waliowahi kuona mtoto wao akichekwa shuleni, na hawataki kulipia nauli ili achekwe tena. Wengine wametangaziwa miradi mitatu, minne, ya kuku, ya sabuni, ya batiki, kila mmoja ukaja na fulana na kuondoka na gari lake. Mzazi wa namna hii akikuambia hataki, usimwandike kuwa ana mwamko mdogo. Muulize mradi wa mwisho uliishaje.

Na mimi simshawishi mzazi aliyekataa. Hapo namwachia mama mwenzake. Tunao akina mama waliojuana tangu watoto wao wakiwa wachanga, kwenye mabenchi ya mazoezi ya viungo hospitalini, kila mmoja na kitoto chake kifuani. Mmoja wao ana kijana mwenye ulemavu wa akili anayepanga mikate kwenye kreti katika kiwanda kimoja, mwaka wa nne sasa. Huyo ndiye anayekwenda. Haongei habari za sheria. Anasimulia alivyolia wiki nzima ya kwanza, kijana alivyotokwa na jipu mguuni kwa kusimama, alivyomtafutia soksi. Wakimaliza chai, yule mama mwingine anauliza, "Na walimlipa kweli?" Hapo mlango umefunguka.

Kwa wale wanaotaka kujiajiri, familia inahitajika vilevile. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa 2023 na kurejeshwa 2024. Nimeona cherehani ya mkopo ikiuzwa kulipia msiba, na mwenye cherehani akabaki na deni. Kabla fedha haijatoka, ndugu wakae na kusema kwa midomo yao kwamba cherehani hii haiguswi. Ni jambo la nusu saa.

Narudi Mbagala, kwa maana kulikuwa bado na tatizo la daladala. Mpango wa kumvusha binti ulitoka kwa mama mwenyewe, sisi tulilipa nauli tu, pamoja na kibarua cha kijana wa jirani aliyechota maji kwa wiki hizo. Wiki ya kwanza walipanda pamoja kutoka Rangi Tatu, wamekaa kiti kimoja, mama hasemi kitu. Binti ndiye anayetaja: Zakhem. Mtongani. Kwa Azizi Ali. Bendera Tatu. Akisahau, mama anamsubiri akumbuke. Ikaonekana kwamba hasomi vibao, anakumbuka vitu: ukuta wenye rangi fulani, kituo cha mafuta, duka lenye magodoro nje, na vingi kati ya alivyovizoea vinaonekana upande wa kushoto. Akikaa kulia anapotea. Ndiyo sababu alipitiliza siku ile: alikaa kulia, na giza lilikuwa limeshaingia. Wakapanga mambo mawili. Kukaa kushoto dirishani, na msimamizi amwachie saa tisa badala ya saa kumi na moja, akianza mapema asubuhi. Msimamizi alikubali kwa sentensi moja. Hakuna aliyewahi kumuomba.

Wiki ya pili mama alikaa kiti cha nyuma. Wiki ya tatu alipanda gari lililofuata, na alikiri kwangu kwamba katika safari ile alisoma dua zote alizozijua. Makonda wawili wa alfajiri walikuwa wameshamjua binti, mmoja akawa anamwekea nafasi.

Jumatatu ya wiki ya nne simu yangu iliita saa kumi na mbili kasorobo asubuhi. Nikaona jina la mama yule, moyo ukanidunda. Nyuma yake nilisikia wapiga debe wa Rangi Tatu wakiita abiria, na injini ya gari linaloondoka.

"Kapanda," akasema. "Peke yake. Kakaa kushoto."